Mayonezi siku ya mechi ya basketi: niwape wachezaji au niiondoe kabisa?

MamaKarai_Mbeya
Jumapili, saa 3 usiku

Habari zenu ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Nina banda la chipsi hapa Mbeya, hatua chache kutoka kiwanja cha basketi cha mtaani kwetu. Huu ni mwaka wa sita. Basketi nimeicheza mwenyewe nikiwa sekondari, nilikuwa namba tano, nasimama chini ya ringi kugombea rebaundi, na mapenzi yale hayajaisha mpaka leo. Usiku wa mechi za NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani, natega simu iniamshe saa 9, najifunga blanketi, naangalia mpaka kunapambazuka, kisha nakwenda zangu kumenya viazi. Kwa hiyo vijana wanaocheza pale kiwanjani nawahesabu kama wanangu. Nawatunzia mabegi, nawachemshia maji ya kunywa, na siku ya mechi nawalisha bila kuwadai.

Jana Jumamosi kumetokea jambo lililoninyima usingizi.

Tulikuwa na mechi na vijana kutoka Iringa, kuanza saa 10 jioni. Saa 9 wachezaji wangu wanane wakakaa kwenye mabenchi ya banda. Nikampa kila mmoja sahani ya chipsi iliyojaa, paja la kuku wa kukaanga, kachumbari, na juu yake mayonezi. Mayonezi yenyewe sinunui dukani, naipiga kwa mkono: viini vya mayai, mafuta ya alizeti, ndimu, chumvi na haradali kidogo. Walikula mpaka wakafuta sahani kwa chipsi ya mwisho. Nikafurahi, nikajua nimewapa nguvu.

Robo mbili za mwanzo tuliongoza. Robo ya tatu, dakika ya tatu hivi, namba moja wetu, yule anayeongoza mpira (namwita Saba kwa sababu ya jezi yake) akapokea mpira katikati ya uwanja, akaudundisha mara mbili, akasimama. Akashika magoti. Akamwachia mwenzake mpira, akatoka mbio mpaka kwenye mtaro nyuma ya mabegi, akatapika. Nilimfuata na kopo la maji. Ndugu zangu, chipsi zilitoka nzima, zina pembe zake vilevile kama nilivyozikata kwa kisu changu, zimezungukwa na weupe wa mayonezi. Saa nzima na nusu ilikuwa imepita tangu ale.

Wengine wawili hawakutapika lakini miguu iliwakataa. Mmoja alikuwa anacheua kila akiruka. Tulifungwa 61 kwa 52.

Basi maneno yakaanza. Mtu mzima mmoja akasema mbele ya wateja wangu kwamba nimewalisha watoto wa watu mayai mabichi. Nikashindwa kumjibu. Ninachojua ni kwamba mashabiki zaidi ya ishirini walikula mayonezi ya bakuli lile lile wakati wa mapumziko, na leo nimewaona wazima, wengine wamerudi kununua.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, wachezaji wa kulipwa siku ya mechi wanaishije kuanzia asubuhi mpaka filimbi ya kwanza? Wanakula nini na saa ngapi? Pili, nyie mashabiki wa basketi mnaionaje mayonezi? Niiondoe bandani au niibakize? Jumamosi baada ya ijayo tunarudiana nao hapa hapa, na sitaki kumwona tena Saba ameinama pale mtaroni.

---

Mlinzi_Mstaafu
Jumapili, saa 4 usiku

Pole sana dada. Mimi nimecheza ligi Dar miaka tisa na sasa nafundisha watoto. Nianze na hili la vijana wako kwa sababu ndilo zito.

Saa 9 kwa mechi ya saa 10 umechelewa mno. Hata ungewapa ugali na maharage wangelemewa. Mlo mkubwa unatakiwa masaa matatu mpaka manne kabla, na uwe wa wanga zaidi, nyama kiasi, mafuta kidogo. Mafuta ndiyo yanayochelewesha tumbo kumwaga chakula kwenda chini. Sasa hesabu mwenyewe: chipsi zimekaangwa, kuku amekaangwa na ngozi yake, halafu mayonezi ambayo zaidi ya nusu yake ni mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kina gramu kama 10 za mafuta. Mchezaji akianza kukimbia, damu inahamia kwenye misuli, tumbo linabaki na mzigo wake. Zile chipsi ulizoziona nzima zinaeleza yote.

Kuhusu wale wa NBA, siku yao inaanza asubuhi kwa mazoezi mepesi ya kurusha. Hawakimbii, hawasukumani. Wanarusha, wanapitia mipango ya kumzuia mpinzani, wanaondoka. Jambo hili lina mwenyewe. Bill Sharman alipokuwa anachezea Boston Celtics miaka ya 1950 alikuwa hatulii siku ya mechi, kwa hiyo asubuhi anatafuta ukumbi anarusha mpira peke yake mpaka mwili unapoa. Alipopewa Los Angeles Lakers awe kocha mwaka 1971, akawapa timu nzima utaratibu ule. Wilt Chamberlain alikuwa anapenda kulala mpaka mchana, lakini akakubali kuamka. Msimu huo huo wa 1971–72 walishinda mechi 33 mfululizo na wakachukua ubingwa. Mpaka leo hakuna timu ya NBA iliyofikia 33. Timu nyingine zikaiga, ikawa desturi.

Baada ya hapo wanakula, wanalala mchana, wanaamka na kwenda uwanjani mapema. Ukitaka mfano wa mtu aliyeshika ratiba kama swala, mtazame Ray Allen, mrushaji wa NBA. Usingizi, kuku na wali mweupe mchana, kisha uwanjani masaa matatu kabla ya mechi, anarusha kutoka sehemu zile zile kila siku wakati viti havina watu. Kuku na wali, dada. Wali mnao hapo mlangoni, mchele wa Kyela watu wa Dar tunaugombania.

Na jambo moja nililoliona kwa mwili wangu. Nilikuja kucheza Mbeya mara mbili nikitokea pwani. Robo ya pili nilikuwa naona nyota. Watu wa Denver kule Marekani wanajivunia kwamba mji wao uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari na wageni wanahema. Mbeya mjini mko kama mita 1,700. Vijana wako wamezaliwa na mapafu ya hewa hiyo. Msiwanyang'anye faida hiyo kwa karai la mafuta saa moja kabla ya mechi.

---

Mwanachuo_Iyunga
Jumapili, saa 5 usiku

Shikamoo mama. Mimi ni mteja wako, kila Jumamosi naagiza kavu na mayonezi mara mbili. Naomba usiiondoe. Nilikuwepo jana na nilikula mayonezi hiyo hiyo, niko salama kabisa.

Mambo ya kaka Mlinzi nayakubali, ila watu wasije wakafikiri wachezaji wakubwa wanakula kwa mizani. Msimu wa 2007–08 Boston Celtics ya Kevin Garnett ilianzisha mtindo wa kula mkate wenye siagi ya karanga na jemu kabla ya mechi. Garnett alionja mara moja, akacheza vizuri, basi ikawa lazima uwepo kila mechi. Wakachukua ubingwa mwaka ule, na leo vyumba vya timu nyingi vina mkate huo. Stephen Curry naye ni bisi. Anazipenda kiasi kwamba mwaka 2019 alizipa alama bisi za viwanja vya NBA kimoja kimoja, chumvi, siagi, ukavu wake. Ni yule yule Curry aliyechaguliwa wa 7 mwaka 2009 timu za NBA zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya, mwaka ambao Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2 na Memphis. Kila nikiangalia mechi saa 9 usiku nikiwa bwenini nakumbuka hilo na moyo unajaa, kwamba jina la Mtanzania lilisomwa pale kabla ya jina la Curry.

Nachosema ni kwamba mtu akishazoea chakula fulani siku ya mechi, kinamtuliza roho. Saba amezoea chipsi zako. Ukimnyima ghafla utamvuruga. Mpe kidogo, mapema.

Na kwa upande wa mashabiki: Wabelgiji, ambao chipsi ni chakula chao cha taifa, wanazila na mayonezi. Tomato inayouzwa mabanda mengi ni maji ya rangi. Mayonezi yako ina ladha ya ndimu na inashika kwenye chipsi, haichuruziki. Jioni ya baridi, mtu umesimama pembeni ya uwanja, upepo unashuka kutoka mlima Loleza, chipsi za moto na mayonezi ndicho kinachonifanya nibaki mpaka robo ya nne.

---

Refa_wa_Mtaa
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Mama Karai, mimi nasimama upande wa kuiondoa kiwanjani, na sababu yangu watu hawaigusi. Juzi robo ya tatu nilibadilisha mpira. Mliona nimeusimamisha mchezo mkadhani una upungufu wa upepo. Ulikuwa unateleza. Nilipousugua kwenye suruali yangu ukaacha alama ya mafuta. Wachezaji wamekula kwa mikono, wakafuta vidole kwenye kaptula, wakaingia. Mashabiki nao mpira ukitoka nje wanaudaka kwa mikono ile ile ya mayonezi wanaurudisha. Pasi mbili za wapinzani zilipotea kwa sababu hiyo, na mtupo huru mmoja wa kwenu ulitoka mkononi kama samaki.

Kama itabaki, weka ndoo ya maji na sabuni. Na vijiti vya kuchomea chipsi viwe vya lazima, siyo hiari.

---

Mpishi_Gangilonga
Jumatatu, saa 3 usiku

Kamwene dada yangu. Niko Iringa, nimepika jikoni za hoteli miaka kumi na miwili, na hao vijana waliowafunga ni wa mji wangu, lakini kwa hili niko upande wako.

Yule mtu mzima aliyekusema mbele za watu amekukosea kwa namna alivyosema. Hoja yake hata hivyo ina ukweli ndani yake na usiipuuze. Kiini kibichi kinaweza kubeba bakteria wa salmonela. Wa dukani wanatumia mayai yaliyopashwa moto kiwandani kuua vijidudu, pamoja na siki ya kutosha, ndiyo maana chupa inakaa rafuni. Yako haikupita hapo. Kwamba watu ishirini hawakuumwa juzi ni heri, ila Jumamosi moja inaweza kuwa tofauti, na wanaokula ni watoto pia. Saba hakutapika kwa sababu hiyo, sumu ya chakula cha namna hiyo kwa kawaida haiji kwa saa moja na nusu, inachukua masaa sita au zaidi. Yake ilikuwa tumbo kujaa mafuta na kukimbizwa.

Fanya hivi. Viini viwili, kijiko kimoja cha ndimu, vijiko viwili vya maji, weka kwenye bakuli la bati juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji. Koroga bila kuacha hata sekunde. Kwanza itakuwa na povu, halafu povu linazama, halafu inaanza kushika mgongo wa kijiko kama uji mwepesi. Toa hapo hapo, kaa nayo chini uendelee kukoroga mpaka ipoe. Ukiwa na kipimajoto, unataka nyuzi 71. Ukizidisha utapata mayai ya kuvuruga, anza upya. Ikishapoa ndipo unaanza mafuta, tone tone.

Na hapo kwenye tone tone nikuulize: asubuhi za Julai mayonezi haikukatikii? Sisi wa nyanda hizi tuna shida ambayo vitabu vya upishi haviandiki. Jikoni kunakuwa na baridi mpaka mafuta yanakuwa mazito, mayai yametoka dirishani kama mawe. Kiini kina kitu kinaitwa lesithini, ndicho kinachoshika mafuta na maji visigombane, lakini kwenye baridi kazi yake inakuwa ngumu. Loweka mayai kwenye maji vuguvugu dakika kumi, na chupa ya mafuta iweke karibu na jiko, siyo juu yake. Ikikatika usimwage: chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, ile iliyokatika itie humo kidogo kidogo kama vile ndiyo mafuta. Itarudi.

Piga ya kutosha siku moja tu. Ikae kwenye ubaridi, ikitoka mezani isizidi masaa mawili, kilichobaki kimwagwe. Inauma, najua bei ya mayai.

---

Jirani_Soweto
Jumatatu, saa 4 usiku

Jirani, mimi kwenye mayonezi sina upande, watoto wangu wanakula, mimi siwezi, ule utelezi unanishinda mdomoni. Nimekuja kwa ajili ya ratiba. Kijana wangu yumo kwenye timu yako na sisi nyumbani tunafunga. Aliwahi kuniuliza kama atacheza Ramadhani. Nikamwambia habari za Hakeem Olajuwon, Mnigeria wa Houston Rockets. Alikuwa anafunga na anacheza. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani, na mwezi huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA, na mwisho wa msimu wakachukua ubingwa. Alikuwa anajiandaa kwa daku, tende na maji mengi kabla ya alfajiri.

Ukipanga chakula cha timu, kumbuka na hao. Mwezi ukifika wao mlo wa mchana hauwahusu.

---

MamaKarai_Mbeya
Jumatatu, saa 5 usiku

Nimesoma kila neno. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mpishi, umeniona jikoni kwangu kwa macho? Wiki iliyopita imenikatikia mara mbili, nikamwaga mayai manane, nikalaumu wafugaji. Refa, nisamehe, sikujua habari za mpira kuteleza, ndoo na sabuni vitakuwepo. Jirani, nimeliandika kwenye daftari, wa daku nitawapangia peke yao. Mwanachuo mwanangu, marahaba, mayonezi sijaiondoa bado, nitawauliza mashabiki wenyewe siku ya mechi. Nitarudi kuwaeleza.

---

MamaKarai_Mbeya
Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 2 usiku

Nimerudi kama nilivyoahidi. Ni marefu, mnivumilie.

Jana saa 3 asubuhi tulikuwa kiwanjani. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ringi, upande wa pili huuoni vizuri. Wachezaji wote wanane walikuja, wawili na masweta ya shule. Mpira kwa baridi ulikuwa haudundi, ukiuachia unarudi magotini tu, ikabidi mmoja aukumbatie ndani ya koti kwanza. Sikuwaruhusu kukimbia. Kila mmoja alirusha mitupo huru ishirini, kisha kila mtu akarusha kutoka mahali pake anapopapenda. Saba alirusha kutoka kona ya kushoto bila kusema neno, mpaka jua likatoboa ukungu. Nilimwangalia nikamkumbuka Ray Allen na viti vyake vitupu.

Saa 6 kamili wakala nyumbani kwangu. Wali wa Kyela, kuku wa kuchemsha niliyemtoa ngozi, mchicha usio na mafuta mengi, ndizi mbivu moja moja. Hakuna karai. Wawili walininunia, mmoja akaniuliza kama nimefilisika. Nikamwambia karai liko palepale, linamsubiri baada ya mechi.

Kulala ndiko kulikonitoa jasho. Nina sebule ya kawaida na mikeka miwili. Vijana wanane warefu, wamelala wamepangana kama mihogo kwenye kiroba, miguu ya wanne imetoka nje mlangoni, kuku wangu wanapita juu yake. Nilifikiri watapiga soga mpaka saa ya kuondoka. Baada ya dakika kumi nyumba nzima ilikuwa inakoroma. Nilikaa jikoni nikipiga mayonezi kwa mwendo wa kunyemelea, nisigongeshe kijiko kwenye bakuli.

Mpishi, niliifuata njia yako. Mara ya kwanza niligeuka kumfukuza jogoo, nikarudi nimepata mayai ya kuvuruga, mwanangu mdogo akayala na mkate. Mara ya pili sikuinua macho. Ilishika mgongo wa kijiko vilevile ulivyosema, nikaitoa, nikaipoza, nikaanza tone tone. Mafuta niliyaweka karibu na jiko. Haikukatika! Ilikuja nzito, ya manjano hafifu, nikachora mstari kwa kijiko na mstari ukabaki.

Saa 8 na nusu nikawaamsha, chai ya rangi yenye sukari, kipande cha mkate. Saa 9 wakaanza jaramba.

Sasa mashabiki. Niliweka makopo mawili mbele ya banda, moja limeandikwa NAITAKA na jingine SIITAKI, na pakiti ya vijiti vya meno pembeni. Kila mteja achukue kijiti atumbukize. Mapumziko palikuwa na msururu. Wanafunzi na wanachuo walikuwa wanatumbukiza bila kufikiri, wote NAITAKA. Mzee mmoja mstaafu wa reli alisimama pale muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, kiazi cha Umalila kina utamu wake. Ukikipaka kitu cheupe unakificha." Akatia SIITAKI. Maneno yake nimelala nayo, kwa sababu viazi ninavyonunua ni vya Umalila kweli, na najua ladha anayoisema, ile ya kiazi kipya kikiwa na chumvi tu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema hawezi kula kitu kilichotokana na yai asilolijua, nikamwelekeza jinsi nilivyopika kiini kwanza, akaonja kwenye ncha ya kijiko, akafikiri, akasema hapana, lakini mumewe anaitaka. Akatumbukiza vijiti viwili, kimoja kila kopo. Yule mtu mzima aliyenisema wiki zile alikuja pia. Nilimwonyesha sufuria na bakuli la bati na kipimajoto nilichoazima. Alikiangalia kipimajoto. Hakutumbukiza kijiti chochote, ila alinunua chipsi, akaomba pilipili.

NAITAKA 46. SIITAKI 39. Nilivihesabu usiku mara mbili.

Kwa hiyo mayonezi inabaki, ila siipaki tena juu ya sahani. Inakaa kwenye bakuli lake, ndani ya beseni la maji ya baridi, anayetaka anaomba. Mzee wa reli atapata kiazi chake kitupu. Na ndoo ya sabuni ilikuwepo, Refa alikuwa wa kwanza kunawa.

Mechi tulifungwa 63 kwa 62. Najua mnasubiri niseme tulishinda. Robo ya tatu ndiyo niliyokuwa naiogopa, nilisimama karibu na mtaro na kopo la maji mkononi kabla hata haijaanza. Dakika ya tatu ikapita. Saba akachukua mpira akapenya katikati ya wawili, akatupia. Dakika ya saba bado anakimbia. Robo ya nne vijana wa Iringa ndio walioanza kushika viuno, sisi tulikuwa tumeachwa pointi kumi na moja, tukazirudisha moja moja mpaka ikabaki moja, na muda ukatuishia mpira ukiwa hewani. Uligonga ringi. Saba alicheza dakika zote 40, hakuinama hata mara moja.

Baada ya kupeana mikono walikuja bandani timu zote mbili, jasho linafuka kwenye baridi kama sufuria iliyofunuliwa. Niliwasha karai la pili. Saba akakaa pembeni na sahani yake, akalivuta lile bakuli la mayonezi karibu, akaniangalia kwanza kama ananiomba ruhusa. Nikamwambia kula mwanangu, sasa ni saa yake. Alikula sahani mbili. Namba tano wa Iringa alionja kwa chipsi moja, akaniuliza imetengenezwa na nini, nikamwambia aliyenifundisha ni mtu wa kwao.

Mpishi, swali moja. Nilivyosema ilikuwa nzito, ilikuwa nzito mno, kwenye bakuli la mwisho kijiko kilisimama wima na wateja walikuwa wanapata shida kuichota. Nipunguze mafuta au nimekosea kwenye kiini?

---

Mpishi_Gangilonga
Jumapili, saa 3 usiku

Hujakosea dada. Maji vuguvugu, kijiko kimoja cha chai, koroga, angalia, ongeza kingine kama bado. Usiongeze ndimu kwa ajili ya kuilainisha, utaharibu ladha uliyoipata.

Na yule namba tano ni mpwa wangu. Amefika nyumbani leo anadai mayonezi.